Mapaja ya Winchi

Hospitalini alikofanya kazi walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na mwenyewe alilipenda jina hilo kupita lile alilopewa na wazazi wake. Mgonjwa akishindwa kupanda kitanda cha MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, wenzake hawakuhangaika. Waliita Winchi, naye akampitishia mgonjwa mikono kwapani, akasema "moja, mbili, tatu," akamwinua huku akimtania: "Mwepesi hivi, ningekubeba mpaka kwako." Kitu kimoja tu hakuwa nacho, subira na watu wanaolalamika kuchoka.

Siku hiyo kitengo kilikuwa kinaanza kupiga picha za mapaja kwa watu wazima wenye ugonjwa wa uvimbe wa misuli, ambapo kinga ya mwili huigeukia misuli yenyewe na kuila taratibu. Walikuwa na desturi yao: kipimo kipya hakimfikii mgonjwa kabla mfanyakazi mwenye afya hajalala ndani, ipatikane picha ya mfano. Na mzima wa kwanza kufikiriwa alikuwa nani kama si Winchi? Akavua saa, hereni na pini za nywele, akalala, mashine ikaanza kugonga na kuunguruma.

Nyuma ya kioo alikaa mpiga picha mwenzake, mwanamume mpole aliyezoea kumwita dada. Wote wawili walijua la kutazamia. Katika picha hizo mafuta hufifishwa yakawa meusi, msuli wenye afya hubaki wa kijivu, na penye uvimbe, maji yaliyojikusanya hung'aa meupe.

Mashine ilipotulia, Winchi alingoja utani kwenye kipaza sauti. Haukuja.

"Vipi, umelala huko?"

"Tulia hapo hapo dada. Narudia."

"Umekosea nini tena?"

Mwenzake alirudia, akamtoa, akampisha kwenye kiti bila kumtazama usoni. Kwenye skrini yalikuwepo mapaja mawili, yamekatwa vipande pichani kama mkate. Misuli ya mbele ilijaa mabaka meupe, kulia na kushoto.

"Mashine mbovu hii," alisema Winchi. "Kalale wewe."

Mwenzake akaenda kulala. Winchi alibonyeza vilevile, akasubiri vilevile. Mapaja ya yule bwana yakatokea ya kijivu, safi, hayana hata doa. Alirudi kwenye picha yake, akasoma jina lililo juu, akalisoma tena. Miaka yote alikuwa ameangalia picha za watu huku akinywa chai, na leo aliogopa.

Daktari wa picha aliitwa, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Haya ya nani?"

"Yangu."

"Umeanguka? Umefanya mazoezi makali? Kuna dawa unameza?"

"Hakuna."

"Picha peke yake haitoi jina la ugonjwa," alisema daktari. "Tutapima damu, kisha tuchukue kipande cha msuli. Picha itatuonyesha pa kukata. Tukikata penye kijivu tutakuta nyama nzima, tukwambie uko salama kumbe tunakudanganya. Hebu kaa. Kunja mikono kifuani, halafu simama."

Winchi alicheka. Hata mtoto anasimama. Akakunja mikono, akajiinua, makalio yakaachana na kiti kidogo tu, yakarudi. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Hakujua ni lini alianza kusukuma kiti kwa mikono kila anapoinuka. Alidhani ndivyo watu wote wanavyoinuka.

"Ina matibabu," daktari alisema kwa upole. "Ila kuinua watu, kwa sasa basi."

Wagonjwa wa kazini wangepata mwingine. Lakini nyumbani alikuwepo mama yake, aliyevunjika nyonga na asiyetembea tena. Kila asubuhi Winchi humtoa kitandani, humweka kitini, na jioni humrudisha. Walikuwa wawili tu katika nyumba ile. Alitoka nje akampigia simu, na maneno yote aliyoyapanga yakampotea.

"Mama, miguu yangu ina ugonjwa. Wamenikataza kuinua watu. Sasa wewe sijui atakuinua nani."

Winchi alidhani mama ataanza kulia.

"Kwani bado unaniinua, mwanangu?"

"Mama?"

"Siku nyingi najivuta mwenyewe. Mkono huu kwenye ubao wa kitanda, huu kwenye kiti. Niliona miguu inakutetemeka, nikasema nisikuvunje moyo. Wewe unahesabu, na ukifika tatu, mimi najivuta."