Kiingereza cha Mama Anifa

Haruna hakuwa mtu wa wivu, au ndivyo alivyopenda kujisifu, mpaka mchana ule mkewe alipojibizana na Mzambia.

Duka lao la zipu, vifungo na lesi liko Kariakoo, chumba chembamba ambacho wateja wawili wakiingia, wa tatu anasubiri barazani. Wakija wageni, Haruna humwachia Siwema uwanja, maana Kiingereza chake mwenyewe kinaishia kwenye "my friend" na tarakimu. Siwema alimaliza kidato cha nne, na miaka kumi na minne ya ndoa yao aliongea Kiingereza cha darasani, kila neno limesimama peke yake: "I am sorry, it is finished." Haruna alikuwa akisimama pembeni, kifua mbele, kana kwamba yeye ndiye aliyemsomesha.

Siku hiyo Siwema alisema, "I'm sorry, it's finished," upesi upesi, bila kuinua macho kutoka kwenye lesi aliyokuwa akipima. Mzambia akamuuliza kama ana hakika. "Yes, I am," akajibu, wakacheka wote wawili. Haruna hakucheka.

Mlango wa pili anauza madaftari Mwalimu Tarsis, mstaafu aliyefundisha Kiingereza Songea miaka thelathini. Haruna akamwendea, akijifanya ana maswali ya kupitisha muda tu.

"Shikamoo, mwalimu. Hivi mtu akianza kukatakata Kiingereza, kajifunzia wapi?"

"Marahaba. Kukatakata vipi?"

Haruna akaiga alivyosikia. Mwalimu akakunja gazeti lake.

"Sisi tulikuwa tunawachapa kwa hayo. Mtihani ulikuwa hauyataki. Mtu anayaokota mdomoni kwa mwenzake, bwana Haruna. Na wengi wakiyaokota wanakata ovyo, panapofaa na pasipofaa. Lakini hapo mwisho kasema 'Yes, I am', hakukata. Pale hapakatwi, sikio linakataa. Mkeo anajua pa kukata na pa kuacha. Huyo ana mtu anaongea naye kila siku."

Mwalimu wa watu alikuwa anasifu. Haruna alisikia "ana mtu", basi, mengine yakampita.

Kuanzia hapo roho haikutulia. Kila siku saa nane mchana Siwema alikuwa akitoka dukani, anaaga kwamba anawahi nyumbani kupika, na Haruna hakuwahi kufikiria lolote. Sasa akafikiria. Akampigia simu jirani yao huko Mchafukoge, akaambiwa mlango una kufuli. Usiku akanusa khanga ya mkewe, akakuta harufu ya marashi mageni yamechanganyika na dawa ya kuchua. Mwanamume mwenye akili angeuliza. Haruna akakodi bajaji ya kumfuata.

Bajaji ya Siwema ilisimama Upanga, mbele ya jengo la ghorofa nne. Haruna akamsogelea mlinzi, akamuuliza yule dada anakwenda kwa nani.

"Ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba karudi kutoka Uingereza mwaka jana, anaishi peke yake. Wewe nani yake?"

Haruna akasema yeye ni fundi wa bomba, akaondoka ametota jasho. Siku mbili hakula vizuri. Akilini alimwona mtu mrefu, mwenye saa ya dhahabu na viatu vya ngozi, anamfundisha mkewe kukata maneno. Siku ya tatu akapanda ngazi.

Nyuma ya geti la chuma mlango ulikuwa wazi. Siwema alikuwa anasimulia jambo kwa Kiingereza, refu, linapanda na kushuka, halafu akacheka hadi akakohoa. Haruna alijaribu kukumbuka ni lini alimsikia akicheka hivyo nyumbani, akakosa. Hapo ndipo alipoumia kweli. Akagonga kwa ngumi.

Siwema akafungua, taulo begani. Nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa bibi wa Kihindi mwembamba, miguu imezama kwenye beseni la maji ya moto.

"Who's that?" bibi akauliza.

"It's my husband. He's come to take me home."

Haruna alielewa "husband" na "home", akaona aibu imempanda mpaka masikioni. Siwema akamkausha bibi miguu taratibu, akamfunika, akachukua pochi. Walishuka hadi ngazi ya katikati.

"Binti yake alikuja dukani kununua lesi," Siwema akasema. "Alikuwa anarudi Uingereza, anatafuta wa kumwangalia mama yake. Wewe ulishasema mkeo hatafanya kazi kwenye nyumba za watu. Nikanyamaza."

"Mama Anifa, mimi nilidhani..."

"Najua ulivyodhani. Mwalimu Tarsis umemuuliza, jirani umemuuliza, mlinzi naye kaniambia kuna fundi bomba ananiulizia. Bongo nzima umeiuliza, baba Anifa. Mimi hujaniuliza. Yule bibi kila nikiingia ananiuliza nimeshindaje, na anangoja nimjibu."

Haruna alishika ukingo wa ngazi.

"Haya," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Umeshindaje leo?"

Siwema akakaa kwenye ngazi palepale, pochi mapajani, akamtazama kana kwamba anapima kama huyu naye atangoja.

Haruna akakaa chini, akangoja.