Ngano Iliyoitwa Redi

Uvumi ulimng'ang'ania Genoveva kama kupe: kuku wa kijiji cha Jorodom wamekufa kwa kula ngano nyekundu ya shamba la serikali. Na jikoni kwake lilikuwepo debe zima la ngano hiyo, masazo ya kupanda aliyoyaleta mumewe, Hhando, kibarua wa shamba hilo.

"Gunia limeandikwa redi," Hhando alisema. "Mzungu wetu wa shambani mwenyewe anaisifu redi kwa mkate. Wewe na umbea wa sokoni!"

Watoto walikuwa wakingoja kande ya ngano hiyo. Genoveva akamgeukia binti yake wa sekondari. "Natalia, redi ni nini?"

"Nyekundu, mama. Ila mwalimu anasema ni hatari pia."

Neno moja, maana mbili! Ipi imo ndani ya debe? Akatia punje kwenye kikombe cha maji. Maji yakawa mekundu, punje zikapauka.

"Baba Natalia, wekundu wa kuzaliwa hautoki kwa kuoga. Hii imepakwa dawa ya mbegu."

Hhando akachukua jembe, akaenda kuifukia.

Basi, jihadharini:
Msile mbegu iliyopakwa rangi.
Msiioshe mkidhani sumu imetoka.
Msilishe mifugo.
Gunia lake msilitie unga.
Neno la Kizungu msiliamini kwa maana moja.