Kipimo cha Maonyesho

Watu thelathini na wawili walipanga foleni kumbonyeza Famau tumbo, na hata mmoja hakumwamkia.

Lubna aliwahesabu. Alisimama kando ya kitanda amekunja mikono kifuani, hasira zinampanda na kushuka, kwa sababu Famau alikuwa mgonjwa wake na ni yeye aliyembembeleza aje. Walikuwa kwenye ukumbi wa hoteli moja ya Manda, kiyoyozi kinawagandisha, katika semina ya siku moja ya wahudumu wa afya: namna ya kutambua na kutibu maradhi ya ini. Ukihudhuria unapata pointi, na bila pointi za kutosha leseni ya muuguzi haihuishwi mwisho wa mwaka. Lubna, muuguzi wa pekee katika zahanati moja kisiwani Pate, alikuwa amebakisha pointi za siku hiyo tu. Lakini si pointi zilizomvuta. Barua ya mwaliko ilisema mwenye mgonjwa wa ini anayefaa kuonyeshwa amlete, mtaalamu kutoka Nairobi atamwangalia. Lubna alisoma "atamwangalia" akaelewa atamtibu. Kosa lake lilikuwa hilo.

Famau alikuwa mwadhini. Ujana wake aliumaliza hapohapo Manda, akibeba mizigo ya watalii kwenye uwanja wa ndege. Mgongo ulipochoka akarudi Pate, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiuamsha mtaa kwa sala ya alfajiri. Mwaka huu tumbo likaanza kumjaa maji na macho yakawa ya manjano. Lubna akamwandikia rufaa hospitali ya kaunti, ng'ambo ya maji. Huko wakampunguza maji, wakampa vidonge, na kwenye karatasi ya kumruhusu wakaandika chanzo kwa neno moja: pombe. Damu yake hawakuipima homa ya ini, kwa sababu kipimo kilikuwa kimekwisha tangu mwezi uliopita na hakuna aliyejua kitakuja lini. Neno lakini halikuwa limekwisha. Neno halikosekani stoo.

Karatasi ile aliisoma mwenye duka la dawa, kwa sauti, mbele ya wateja. Kufikia magharibi hapakuwa na baraza ambayo haikuwa nalo. Famau hakungoja kuambiwa. Aliacha kuadhini mwenyewe.

Na neno lenyewe halikuwa geni nyumbani kwao. Kaka yake, Abdulkadir, alikufa miaka minne nyuma kwa tumbo lilelile, na karatasi yake iliandikwa vilevile. Abdulkadir aliapa hajapata kuonja, na Famau hakumsadiki. Siku ya maziko hakushuka kaburini kuupokea mwili wake kama ndugu apasavyo. Alishuka mtu baki, na kijiji kizima kikaona. Tangu siku hiyo Famau hakulitaja jina la kaka yake, na aliyelitaja mbele yake alijikuta anazungumza peke yake.

"Ami, watakupima damu," Lubna alikuwa amemwambia wiki iliyopita. "Wakikupima itajulikana ni nini."

"Na lile neno litaondoka?"

"Litaondoka."

Kwa ahadi hiyo Famau alipakiwa kwenye boti la abiria katika gati ya Mtangawanda, kule Pate, na tumbo lile, akashikwa huku na huku asianguke.

Sasa mambo yenyewe yalikuwa haya. Nyuma ya ukumbi palikuwa na meza ya kampuni ya dawa: kalamu za bure, vikaratasi vya rangi, na katikati, juu ya kitambaa cheupe, boksi la vipimo vya homa ya ini aina ya B. Vipimo ishirini na vitano. Tone moja la damu, robo saa, basi. Asubuhi Lubna aliliona akaenda mbio kwa Emily, mratibu wa semina, aliyekuwa na orodha ya mahudhurio kifuani kama mtoto wa kunyonya.

"Hizo ni za maonyesho, dada," Emily akamwambia. "Tunazirudisha Nairobi, wiki ijayo tunazo semina nyingine."

"Mgonjwa yupo. Nahitaji kimoja."

"Hii ni training, si kliniki. Tafadhali kaa, tunaanza."

Lubna akakaa. Hilo nalo lilimuudhi, kwamba alikaa.

Foleni ilipokwisha, Daktari Ronald, mtaalamu mwenyewe, alisogea kitandani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyekwisha kuzunguka kaunti nyingi na picha zilezile, na mtu wa namna hiyo hamwoni tena aliyelala mbele yake. Akaelekeza kalamu kwenye kifua cha Famau, kwenye vimishipa vyekundu, kisha kwenye viganja, kisha kwenye tumbo.

"Mwanamume, miaka hamsini na minane," akasema kwa Kiingereza. "Maji tumboni, macho ya manjano. Chanzo?"

"Pombe!" ukumbi ukaitikia kwa pamoja, kama chekechea.

"Naye atawaambia hanywi. Hasa pande hizi. Jinsi dini inavyokaza ndivyo wanavyokana. Nyinyi andikeni mnachokiona, msiandike mnachoambiwa."

Baadhi wakacheka. Wengine wakaandika. Katika safu ya nne, Kiptoo, daktari kijana wa ile hospitali ya ng'ambo, ambaye saini yake ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi ya Famau, alikuwa akiviangalia viatu vyake.

Lubna akamtupia Famau jicho. Alijua kitu ambacho hawa hawakukijua wala hawakujisumbua kukiuliza: mtu aliyebeba mizigo ya Wazungu miaka kumi na minane hatafsiriwi Kiingereza.

Famau akageuza kichwa juu ya mto.

"Samahani, bwana," akasema, kwa Kiingereza kilekile alichokuwa akiwaulizia watalii sanduku lao ni lipi. "Ni chupa gani uliyoiona?"

Kalamu zilizokuwa zikiandika zikasimama.

"Mzee," Daktari Ronald akababaika, sasa kwa Kiswahili, "hatukusemi wewe. Tunazungumza kwa ujumla."

"Kwani kitanda hiki kina mtu mwengine?" Famau akajiinua kwa viwiko, pumzi zinamkatika, naye sasa akarudi kwenye lugha yake. "Nimekuya kwa ndia ya mayi na tumbo hili. Mumenishika nyote, mwenye mikono ya baridi na mwenye kuta ndefu za vidole. Nikanyamaa, nikasema hawa watu wa ilimu. Mimi tembo, hiyo pombe yenu, naliona kwa mato, kulionda kwa ulimi sijalionda, na Mngu ni shahidi. Yeo hata kuniuliza hamukuniuliza!"

Akavuta shati lake na kuanza kufunga vifungo. Kifungo cha pili kilikataa kuingia.

Ni kile kifungo kilichomwondoa Lubna pale alipokuwa. Baadaye hakukumbuka kuamua chochote. Alikumbuka tu kwamba alifika kwenye meza, kitambaa cheupe kikaanguka pamoja na kalamu za bure, na plastiki ya boksi ikachanika kwa meno.

"Lubna!" Emily alikuwa amesimama. "Lubna, naondoa jina lako! Utakosa pointi zote, unanisikia?"

"Niondoe!" Lubna akageuka, na sauti iliyomtoka hakuijua kuwa anayo. "Tangu saa tatu tunafundishwa kutambua maradhi ya ini. Mgonjwa huyu hapa. Kipimo hiki hapa. Baina yao ni hatua kumi. Mmembonyeza watu thelathini na wawili na hakuna hata mmoja aliyempima! Mnatambua kwa kitu gani nyinyi, kwa kofia yake?"

Mlinzi wa hoteli alichungulia mlangoni, akaona ni wauguzi wanagombana, akarudi zake.

Ajabu ni kwamba aliyesogea kumsaidia alikuwa Kiptoo. Alileta glavu na pamba yenye spiriti, akampa bila neno. Lubna akamdunga Famau kidole, akaliacha tone lidondoke kwenye kipimo, akaongeza maji yaliyokuja nacho, akakiweka juu ya kiti katikati ya ukumbi ili kila mtu akione.

"Robo saa," akasema. "Endelea na somo, daktari."

Daktari Ronald alijaribu. Alionyesha picha mbili za ini lililokauka, lakini hapakuwa na aliyetazama ukutani. Watu wazima wenye vyeti walikuwa wamekizunguka kiti kana kwamba kuna maiti inayotaka kuamka. Mstari wa kwanza ukatokea upesi, ule unaosema kipimo ni kizima. Wa pili, ule wa virusi, haukuja. Dakika tano, dakika saba, Lubna anajiuliza kama amemfedhehesha mzee huyu mara ya pili, tena mbele za watu. Katika dakika ya tisa ukaanza wa pili, mwembamba, halafu ukakolea.

Robo saa ilipotimia Kiptoo aliinama. "Mistari miwili," akasema.

"Sema kwa sauti," Famau akamwambia. "Lile neno lilisomwa kwa sauti."

Kiptoo akanyooka. "Una virusi vya homa ya ini, Bwana Famau. Aina ya B. Inaonekana umekaa navyo miaka mingi, pengine maisha yako yote. Dawa yake ipo, ya kila siku. Na niliyokuandikia nilikuandikia kwa kukisia, kwa sababu sikuwa na kipimo."

"Basi andika hukuwa na kipimo! Kwani andiko hilo ni refu?"

Famau akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, pembe zimelika. Kiptoo akataka kukata neno kwa kalamu, Famau akamshika mkono.

"Usilifute. Waliliona wakalisoma, na hili walisome. Andika hapa tini yake, na uweke yina lako."

Kiptoo akaandika chini yake matokeo ya kipimo, akaweka jina na tarehe. Ndipo mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, na Daktari Ronald, aliyepata pumzi, akasema hili limekuwa somo zuri sana, la kufaa kusimuliwa kwenye semina zijazo. Makofi! Lubna aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wamefurahi kwa dhati, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Famau hakupiga makofi. "Ugonjwa huu," akamuuliza Kiptoo, "mtu huupata wapi?"

"Wembe, sindano, njia ni nyingi. Lakini mara nyingi ni mama humwambukiza mtoto anapomzaa. Ndugu wa mama mmoja, aghalabu mmoja akiwa nao na wenzake wanao."

Kile kifungo cha pili kilikuwa bado wazi, naye Famau hakukishughulikia tena.

Walitoka kabla ya chakula cha mchana. Mlangoni Emily alikuwa amelipiga jina la Lubna mstari mwekundu ulionyooka vizuri, kwa rula. Lubna akapita na boksi lake chini ya buibui, na kama Emily aliliona, hakusema.

Gatini walikaa kwenye kivuli cha paa la mabati kungoja boti. Lubna bado alikuwa na hasira, akitunga kichwani barua ya malalamiko, amefika ukurasa wa pili.

"Mwanangu," Famau akasema. "Vilobakia ni vingapi?"

"Ishirini na vinne, ami."

"Vyatosha mke wangu, wanangu na wajukuu?"

"Vyatosha, na vingine vitabaki."

"Na wana wa Abdulkadir?"

Lubna akamgeukia. Miaka minne jina hilo halikutoka kinywani mwake.

"Nao vitawatosha," akasema polepole.

Famau alikuwa akikitazama kidole chake, pale palipodungwa.

"Aliniapia," akasema. "Hata Msahafu alitaka kuushika, nami nikampokonya. Nalimwambia usiguse, mikono yako yanuka tembo." Akaendelea taratibu, kama mtu anayefundishwa. "Haikunuka kitu, Lubna. Ilikuwa kando ya pua yangu. Haikunuka kitu."

Barua ya malalamiko ilimtoka Lubna kichwani.

Boti liliposogea, Famau alisimama kwa kujishika nguzo, akakataa kushikwa mkono.

"Tukishuka Mtangawanda tusende kwangu," akasema. "Twende kwa mjane wa Abdulkadir kwanza. Na mlangoni nitaingia mimi mbele."