Na Yeye Anakatwa?

...kwa sababu swali lenyewe halina ugumu wowote, ni la ndiyo au siyo, hata mtoto wa chekechea angelijibu, na Winchi ameshaliuliza, ameinama kwenye kidirisha cha mishahara na hati yake mkononi, kidole kinene kimekanyaga mstari wa kodi ya mapato, nyuma yake foleni imefika hadi kwenye mapipa ya rangi, mashine ya kusaga plastiki mbovu inanguruma ng'ambo ya ukuta kama kila siku ya Mungu, na yeye, karani wa mishahara, Mama Kunja wa kiwanda kizima cha ndoo na mabeseni, amekaa upande wa pili wa kioo, mdomo nusu wazi, hajui autie nini... "Sikatai kukatwa, mama," ndivyo Winchi alivyoanza, kwa upole, laiti angefoka, mtu akifoka unajua la kumwambia, "kila mtu anakatwa, najua. Ninachouliza ni kimoja tu. Bosi naye anakatwa?"... na wiki iliyopita, wiki iliyopita tu, angemjibu kabla hajafunga mdomo, anakatwa baba, tena kukuzidi, kodi ni ngazi, kadiri unavyopanda ndivyo unavyotoa zaidi, mwenye kikubwa anatoa kikubwa, angeyasema hayo huku mikono inakunja hati ya anayefuata, maana ameyasema miaka kumi na mmoja mpaka yamekuwa kama salamu, na watu waliyapokea, wakanung'unika kidogo, wakaenda zao, mama amesema, mama hasemi uongo... na hakusema uongo, hilo ndilo linalomkaba, hakuwahi kusema uongo hata siku moja, alichofanya ni kusema asichokijua kwa sauti ya mtu anayejua. "...Jumapili nne, mama, zote nne nimepakia," Winchi anaendelea, naye anaitikia kwa kichwa, anajua, yeye ndiye aliyeziingiza, Jumapili nne za kupanga mabeseni kwenye malori kwa mgongo ule uliokwisha, mtu aliyepewa jina la Winchi kwa kuwa ujanani alinyanyua peke yake mzigo wa watu watatu, na sasa kalamu ikianguka anashika meza kwanza ndipo ainame, Jumapili nne kwa ajili ya miwani ya mkewe, fundi cherehani asiyeliona tena tundu la sindano, na ile ovataimu ikampandisha ngazi moja, na ngazi ya juu ina mkato wake, Jumapili moja nzima na kipande vikaenda na kodi, miwani haijatimia, na mtu huyu, badala ya kutukana, anauliza swali la adabu na kungoja jibu la adabu.

Na kwa nini bahasha ziliisha, huko kwa mshauri wa kodi wa bosi, ofisi yenye zulia na kiyoyozi, ofisi gani ya namna hiyo inaishiwa bahasha... zisingeisha, leo angekuwa ameshamjibu Winchi na kumwita anayefuata, maana desturi yake inajulikana, ndiyo iliyompa jina, hati ya mtu haitoki kwake ikiwa wazi, anaikunja mara tatu, tarakimu zikae ndani, mshahara wa mtu ni kama nguo yake ya ndani, haianikwi barazani, na ya bosi vilevile, kila mwezi ilikuja ndani ya bahasha iliyofungwa, akaipiga mhuri juu, akaitia kwenye jalada, hajawahi kuifungua, akajisifu kwa hilo, heshima, ndivyo alivyoiita... na Jumatatu hii karatasi ikaja tupu katikati ya nyingine, akaona tarakimu kabla ya jina, akasema moyoni huyu bila shaka ni mfagizi mpya, maskini, hata mfagizi wa zamani anamzidi, akafungua daftari la walioajiriwa karibuni, hakumwona, akatoka hadi kwenye ukumbi kumwuliza mfagizi mwenyewe kama ameletewa mwenzake, na yule mama akaegemea ufagio akacheka, "Mwenzangu nani? Mimi nafagia peke yangu mpaka choo cha bosi," na yeye naye akacheka, walicheka wote wawili, ndipo akarudi kukaa na kusoma jina. Mkurugenzi mkuu. Mshahara uliokomea hatua moja tu kabla ya pale kodi inapoanzia, na kwenye mstari wa kodi, sifuri. Na nyuma yake karatasi ya pili iliyobanwa kwa pini, nyumba ni ya kampuni, gari ni la kampuni, ada za shule za watoto zimeandikwa mafunzo ya wafanyakazi, wafanyakazi gani hao wa miaka saba na tisa, wanapakia nini, halafu mkopo kwa mkurugenzi, mkopo juu ya mkopo, mwaka baada ya mwaka, haujarudishwa hata senti na wala hautarudishwa, kwa sababu mkopo si mapato, na kisicho mapato hakikatwi... alisoma mara mbili, akadhani macho, akasafisha miwani yake kwa pindo la gauni, akasoma mara ya tatu, na hapo chini, kwenye nafasi ya mshauri wa kodi, akaiona saini yenye mkia mrefu, saini aliyoijua tangu ilipokuwa inafanyiwa mazoezi nyuma ya madaftari, madaftari aliyoyanunua yeye. Mdogo wake. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyemsomesha uhasibu kwa mshahara huuhuu wa kidirishani.

"Mama, mbona kimya?" sauti ya mtu fulani kwenye foleni, "Winchi, sogea, tuna safari zetu," na Winchi, "Subirini, namwuliza mama," subirini, namwuliza mama, kana kwamba mama ni kisima... na ngazi ile, ngazi ile ni maneno ya nani, si maneno ya huyohuyo mdogo wake, jioni ile mezani, yeye amerudi na hati yake mwenyewe, amefanya ovataimu mwezi mzima alipe ada ya mtihani wa kijana, akakatwa, akakaa analia kwa hasira, na kijana akachukua vifuniko vya soda, akavipanga juu ya meza safu kwa safu, safu fupi, safu ndefu, "Tazama dada, hii ni wewe, hii ni tajiri, angalia anavyotoa vingi, usilie, ni haki, ni ngazi," na yeye akafuta machozi, akaona fahari, kumbe shule inalipa, kumbe dunia ina mpango, na kesho yake asubuhi akamweleza mtu wa kwanza aliyelalamika dirishani kwa maneno yaleyale... je, alikuwa anaamini siku ile, yule kijana? Aliamini, alikuwa na macho ya mtu anayeamini, na hilo linauma kuliko kama angekuwa mwongo toka zamani, kwani maana yake ni kwamba kuna siku aliacha kuamini na hakuja kumwambia, alikula kwake Jumapili ngapi, alimbeba mama yao hospitali, aliezeka nyumba ya mama kwa bati jipya, na yeye akatembea mtaa mzima anamsifu, mdogo wangu mdogo wangu, bila kujua bati lile limelipiwa na kazi gani, na muda wote huo alimwacha dadake dirishani anauza maneno ambayo yeye mwenyewe alishayatupa. Asante ya punda ni mateke, lakini hii ya kwake ilikuja imepakwa sukari. Alimpigia simu Jumatatu ileile, "Dada, ni halali," sauti tulivu, sauti ya zulia, "hakuna sheria hata moja iliyovunjwa, kodi ya mshahara ni ya wenye mshahara, mwenye kiwanda mshahara wa nini?" na akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anayemwelewesha mtoto, "Kwani zile ngazi zako?" yeye akamwuliza, na mdogo wake, "Ngazi zipo, dada, ni kwamba kuna watu hawapiti kwenye ngazi," halafu, Mungu wangu, halafu akaongeza bila hata kuulizwa, "Mwanzoni bosi alikuwa na wasiwasi, wafanyakazi wakijua itakuwaje, nikamwambia asiwe na hofu, dirishani yupo dada yangu, akisema yeye wanaamini." Alilisema kama sifa. Alitaka ashukuru.

Basi bosi si kitu, bosi ni bosi, kila mwaka humletea kalenda na kumwita mama yangu, hakumwahidi lolote, mtu usiyemtegemea hakuangushi... ni damu yake iliyompima, ikaona ana jina zuri, ikalikodisha jina hilo bila kumwambia, na watu wakapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa miaka kumi na mmoja, chupa ikiwa ni yeye. Na kule kukunja, hebu asijidanganye, kukunja kulimsitiri nani? Winchi ana la kusitiri, yule mfagizi ana la kusitiri? Asiyeona hati ya mwenzake hajui hata aulize nini, na yeye alihakikisha kwa mikono yake miwili kwamba hakuna anayeona ya mwenzake, akaita heshima... na sasa akifungua mdomo, mvunja sheria ni nani, si yeye, siri za mishahara ziko kwenye mkataba wake kwa herufi nzito, bosi hakuvunja kitu, mdogo wake hakuvunja kitu, katika jengo hili lote atakayekuwa na kosa ni yeye peke yake, na amebakiza miaka minne apate kiinua mgongo, na kodi ya chumba, na mama atauliza ndugu wamegombania nini, na mdogo wake atasema dada amenimaliza, atasema nilimwezekea mama nyumba na yeye amenimaliza... anaweza kumwambia Winchi arudi Jumatatu. Anaweza kusema mimi si msemaji wa hayo, kaulize juu. Anaweza hata kusema anakatwa, neno moja, lishazoea njia yake, litateleza lenyewe, na Winchi ataamini, atakunja hati yake, atakwenda kumwambia mkewe avumilie mwezi mwingine gizani, bosi naye anakatwa mke wangu, mama amesema. Amemtazama. Winchi hajaondoa macho, wala hayana shari, ni macho ya mtu aliyekwisha kuliamini jibu kabla hajapewa, na hilo ndilo lililomvunja.

"Hakatwi," akasema.

Mashine ikanguruma. Foleni ikasogea nusu hatua, mtu akapiga miayo. Winchi akakunja uso, akasogeza sikio kwenye kioo. "Unasemaje, mama? Sisikii, mashine hii"... na Mama Kunja akaelewa kwamba neno halijafika popote, limekufa kati ya mdomo wake na kioo, hakuna aliyelisikia, mkataba uko salama, mdogo wake yuko salama, bado anaweza kusema nilikuwa nakohoa baba, nenda na Mungu. Lile la kwanza lilimponyoka. Hili la pili itabidi aliseme mwenyewe, kwa sauti ya kufika hadi mwisho wa foleni.