Majani Yaliyopumzishwa

Kwa miezi sita bibi alilifunga shamba la nyuma, kondoo hata mmoja asikanyage humo, ili minyoo iliyobaki kwenye majani ifie humo humo. Mwaka uliopita minyoo ilinyonya damu ya kondoo wake tisa hadi wakafa. Safari hii wanakondoo walioachishwa kunyonya wangeanzia majani safi.

Siku ya kuwaingiza alikuta majani yameliwa mpaka chini, na kinyesi kibichi kimetapakaa kila mahali. Ufunguo wa pili wa geti la shamba alikuwa nao mtu mmoja tu: mdogo wake wa kiume, aliyejenga naye uzio wa shamba hilo.

Akaenda kwake hata chai hajanywa. Hakusalimia. Alimkamata kondoo wa kwanza, akamvuta ukope wa chini kwa kidole gumba. Ndani, panapotakiwa kuwa pekundu, palikuwa peupe kama karatasi. Wa pili, vilevile.

"Dada, na wewe! Majani yalikuwa yanazeeka bure," mdogo wake alicheka. "Si nimekufyekea tu?"

"Ulijua wako wana minyoo?"

Kicheko kikamkauka. "Nilijua. Ndiyo maana sikukwambia. Ungekataa."

"Na wangu watakula wapi?"

Mdogo wake akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Bibi alirudi nyumbani, akachukua mundu, akaanza kukata majani ya nyuma ya choo, ambako kondoo hawafiki. Mgongo ulimuuma. Bandani wanakondoo walikuwa wanalia, na mtu pekee wa kumwita amsaidie alikuwa mdogo wake yule yule.