Sombe

Mwanaima alimbeba Jovita kiunoni akambwaga, na pumba za mpunga zikachomoka kwenye viroba walivyovishona kuwa godoro, zikawaingia wote wawili puani. Akamkaba. Jovita akajitupa huku, akajitupa kule, mwisho akapiga mkono chini mara mbili. Mwanaima akamwachia pale pale. Ndo sheria ya judo, hata aliyeanza jana anaijua: mtu akipiga mkono, unaachia.

"Huyu ndo anaenda Dar kwenye mashindano," kocha Bonifasi akamwambia mgeni. "Uzito wake hapa Kigoma hana mpinzani."

Mgeni ni Bwana Elinipa, afisa michezo aliyehamishiwa juzijuzi kutoka Moshi. Vumbi jekundu la Buzebazeba lilikuwa bado linamsumbua. Muda wote anapangusa viatu kwa kitambaa. Yeye ndiye wa kukubali nani apande treni. Nyuma yake ukuta umeandikwa kwa rangi ya bluu, mkono wa Bonifasi mwenyewe: JUDO NI YA WOTE.

"Shikamoo," Mwanaima akasema, jasho linamtiririka.

"Marahaba. Una nguvu wewe. Kwenu wanakulisha nini?"

"Ugali na sombe. Na dagaa wakipatikana."

Kitambaa kikasimama juu ya kiatu. "Sombe ndo mdudu gani?"

Vijana wakacheka. Mwanaima naye akacheka, kadhani utani. "Majani ya muhogo, baba. Unatwanga, unatia mawese."

"Hicho ni kisamvu. Sombe wanasema Wakongo. Ulivuka ziwa lini?"

"Nivuke wapi? Mimi wa Ujiji. Babu yangu kazikwa Ujiji."

"Na yeye alitokea wapi?"

Mwanaima akamtazama kocha. Wiki nzima askari walikuwa wanapita mitaani kukusanya wakimbizi waliojichanganya na wenyeji, wawarudishe kambini.

Bonifasi akaingilia. "Mheshimiwa, Kigoma yote inasema sombe. Mimi Muha, nasema sombe. Nenda sokoni uombe kisamvu uone watakavyokucheka."

"Mimi nimeagizwa Watanzania, kocha." Akamgeukia Jovita, ambaye bado anajikanda shingo. "Wewe binti, kwenu mnaitaje?"

Juzi tu Jovita kala kwa kina Mwanaima, karamba na sufuria, akamwambia mama wa hapo hakuna sombe kama hii mjini. Sasa anaangalia pumba. Uzito wao mmoja. Nafasi moja.

"Kisamvu," akasema.

"Umeona, kocha?"

Mwanaima alitaka kujitetea, ila kila neno lililomjia mdomoni alilikagua kwanza. Hili la wapi? Na hili? Bado anakagua, Elinipa akatoka kwenda kuongea na askari waliosimamisha lori lao barabarani.

Walimchukua na koti lake la judo mwilini. Bonifasi aliwafuata akieleza, mpaka askari mmoja akamuuliza, taratibu tu, kama na yeye anataka kupanda. Bonifasi akarudi nyuma.

Lori likashika njia ya Mwandiga, ya kwenda kambini. Mwanaima alibanwa kwenye kona, mzigo wa mtu kifuani, goti la mtu ubavuni, hewa ya shida. Akachomoa mkono mmoja. Akapiga bodi ya lori kwa kiganja, mara mbili.

Akapiga tena.

Mbele huko dereva akabadilisha gia, akaongeza mwendo.