Penseli Pembeni mwa Ukurasa

...na abishe anayetaka kubisha, katika jengo hili lote, kuanzia maprofesa wa ghorofa ya juu mpaka mlinzi wa mlangoni anayesinzia akiwa amesimama, hakuna mkono mwepesi kama huu wangu, niletee kitabu kilichochorwachorwa na wanafunzi jalada hadi jalada, niachie na raba yangu, ukirudi utakikuta kama kimetoka kiwandani jana, na shule yenyewe tuliachana mapema bila kugombana, kwa hiyo ni kipaji, ndiyo maana walinitoa kule chini kwenye vitabu vya kuazima wakanipandisha huku Makusanyo Maalumu, wanakokuja watu wenye miwani minene kugusa karatasi za marehemu, na ndiyo maana sasa hivi nimesimama nyuma ya huyu mama, mikono mgongoni, nikiangalia asitoe kalamu ya wino, asilambe kidole, na wala halambi, anafunua ukurasa taratibu kama anayefunua shuka la mgonjwa, anainama, anatafuta, anafunua mwingine, mama, acha kutafuta, nakuomba... kitabu kimelazwa juu ya mto wa sponji, nakala ya baba yake mwenyewe, yule mwandishi wa zamani aliyeandika riwaya isiyo na nukta, kurasa na kurasa za mwanamke mmoja anayewaza dirishani, nilipoijaribu nilimwambia mlinzi huyu bwana aliandika huku anakimbizwa, kumbe kweli, Mhifadhi, bosi wangu, alinieleza kwamba aliiandika mwaka ule magazeti yalipofungwa na waandishi wakawa wanabadilisha nyumba za kulala, halafu akavuka mpaka, akafia huko, binti yake akiwa bado na meno ya utoto, na binti ndiye huyu, mvi zimemjaa, shingo imeinama mbele yangu... familia ilileta vitabu vyake vimefungwa kwenye maboksi, wiki iliyopita Mhifadhi akanipa brashi laini akasema vitoe vumbi, vumbi tu alisema, lakini mimi nani wa kutoa vumbi tu, nikafungua hiki, nikaona pembeni penseli, penseli, mistari, mishale, alama za kuuliza, nikasema hawa wanafunzi hawana adabu, hata huku wamefika, nikatoa raba mfukoni, na mwanafunzi gani, we kichwa maji, mwanafunzi gani angeingia kwenye boksi lililotoka nyumbani kwa watu, hilo sikujiuliza, mkono ulishaanza, na mkono wangu ukianza... leo asubuhi nimempa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na wakati namsogezea mto akanieleza, bila kuulizwa, kwamba baba yake alimwachia neno pembeni mwa kitabu hiki, mama yake alimwambia hivyo tangu utotoni mpaka siku anakata roho, na mimi nikatania, nilitania jamani, nikasema mama, penseli za zamani zina aibu, zinajificha zikiona wageni, akacheka, akanigusa bega, akaniita mtundu, na bega lenyewe linawasha mpaka sasa... Mhifadhi amemwinamia, sauti ya msibani, nasikia nusunusu, unyevu, anasema, maboksi yalikaa sana stoo, penseli nayo hufifia, na anaamini anachosema, au anaamini nusu, maana amekiinua kitabu kwenye mwanga akakitazama kwa ubavu, akakirudisha kwenye mto, kisha akanitazama mimi, wala sikukwepa, macho makavu hayo nimeanza nayo zamani, au labda, anaendelea, marehemu mama yako alichanganya kitabu, unajua tena, umri, na hapo mama ameacha kufunua, yuko ukurasa wa mwisho, kidole kimetulia pembeni. "Basi mama alinidanganya," anasema, bila hasira, kama anakunja nguo ya mtu asiyerudi, "miaka yote ile alikuwa ananibembeleza tu nilale." Mhifadhi anamwambia pole, anasema usimlaumu, alikupenda, na huyo mama wa watu hakudanganya chochote, yuko kaburini anasingiziwa uongo kwa sababu ya raba yangu, sema basi, wewe unayejua kusema, wewe uliyewahi kumsema mlinzi kwa kusinzia mpaka akaomba msamaha... na hadithi ninayo tayari, nimeipanga tangu alipokaa kitini, nitasema sikujua, nilidhani ni uchafu wa wanafunzi, asiyejua anasamehewa, watanirudisha chini kwenye vitabu vya kuazima, watanicheka mwezi mzima, basi, yameisha, hadithi safi, imenyooka, sema kuna kipande nimekiruka, nimekiruka hata humu kichwani ambamo hakuna anayenisikiliza... ule ukurasa wa mwisho niliusoma. Haukuwa na mishale, ulikuwa na maneno, yamebanwa pembeni kwa herufi ndogo, "huyu mwanamke ni binti yangu atakapokuwa mzee, sikujua namna ya kumwomba radhi, nikampa dirisha," nikayasoma nikayarudia, na pale pale nikaelewa, mwandiko ulikuwa ule ule wa kurasa zote nilizokwisha kuzisafisha, hapakuwa na mwanafunzi, hakuwapo kamwe, na nikaelewa na la pili, kwamba ukurasa mmoja ukibaki na penseli watu watauliza wenzake wamekwenda wapi, na raba ilikuwa bado mkononi, ya moto... zile nyingine nilizifuta kwa kutojua, hii nilijua, niliifuta polepole kuliko zote, nikapuliza, nikapitisha brashi, kazi safi, na maneno hayakufutika humu ndani, sasa hayapo popote isipokuwa kwangu, na kidole cha binti yake bado kimelala palepale, juu ya radhi aliyoombwa.